Laka laini Malindi na Kilifi: kipi kweli, kipi porojo?

Mteja akifika karakana, iwe Malindi, Watamu au Kilifi mjini, hafungui droo kwanza. Hupitisha kiganja juu ya meza. Kiganja kikiteleza, bei inazungumzika. Kikikwaruzwa, hata mbao iwe mbambakofi safi, mazungumzo huishia hapo. Ndiyo maana mafundi wa ukanda huu, wanaotengeneza vitanda vya hoteli, makabati ya jikoni na samani za nyumba za kifahari za Waitaliano na Wakenya wenzetu, hawachoki kuulizana: mbona laka yangu haitoki laini?

Majibu hayakosekani. Mengine yaliletwa na mafundi waliojifunzia kazi Nairobi, mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa hubeba maji machache kuliko hapa. Mengine yameandikwa kwenye makopo na watu wasioijua kusi wala kaskazi. Mengine ni desturi tu: aliyemfundisha fundi alifanya hivyo, naye anafanya hivyo. Hapa tumeyachukua yale yanayosikika zaidi na kuyapima moja moja. Laka tunayoizungumzia ni ile ya nitroselulosi, ambayo wauza rangi huiita NC. Pale ambapo laka ya 2K, ile ya kuchanganywa na hadina, ina sheria zake, tumesema.

"Pulizia alfajiri, kabla ya jua na vumbi."
Si kweli.

Anayesema hivi ana sababu. Alfajiri upepo umetulia, bodaboda hazijaanza kutimua vumbi, na mabati hayajawaka. Lakini hiyo ndiyo saa ambayo hewa ya pwani iko karibu zaidi na umande.

Laka ya NC hukauka kwa thina kuruka. Thina inaporuka huondoka na joto, na uso wa mbao hupoa kuliko hewa inayouzunguka. Ukipoa hadi kufikia kiwango cha umande, maji ya hewani hutua juu ya laka iliyo mbichi na kunaswa ndani yake. Hapo ndipo unapouona ule weupe. Huanza pembeni na kwenye nakshi, mahali laka ilipojikusanya, kisha hutambaa kuelekea katikati, mpaka mbao nyekundu inageuka kijivu mbele ya macho yako.

Chukua siku ya kawaida ambayo kiwango cha umande ni nyuzi 24. Alfajiri joto likiwa nyuzi 25, unyevu ni zaidi ya asilimia 90, na meza ikipoa kwa nyuzi moja tu, kazi imeharibika. Saa nane mchana joto likifika nyuzi 31, maji yaliyomo hewani ni yaleyale, lakini unyevu umeshuka hadi karibu asilimia 65, na sasa una nafasi ya nyuzi saba kabla umande haujatua. Kwa hiyo saa nzuri huku ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kivulini. Si juani, kwa sababu ubao uliochomwa na jua huchemsha thina na kuacha mapovu madogo yasiyotoka. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ina huruma kuliko masika. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimepamba moto, fundi mwerevu hukata mbao, huunga na kupiga msasa, na kupulizia hungoja siku kavu.

"Laka ikiota weupe, kwangua yote uanze upya."
Si kweli.

NC ina hulka moja ya kuishukuru: hata ikishakauka, thina yake bado huiyeyusha. Weupe ukitokea, acha. Ngoja hewa ikauke, hata kama ni mpaka kesho saa sita. Kisha pulizia ukungu mwepesi wa thina inayoruka polepole, ile ambayo wauza rangi huiita ritada, ama peke yake au imechanganywa na laka kidogo. Laka italainika, maji yaliyonaswa yatatoka, na rangi ya mbao itarudi. Laka ya 2K haina msamaha huo. Ikishashikana, thina haiifungui tena, na dawa yake ni msasa na mkono mwingine.

Ila ritada isigeuzwe kuwa mazoea. Wapo wanaoitia kwa wingi kila siku ili walale salama. Laka hiyo hubaki laini kwa siku nyingi, na kiti kikikaliwa mapema kinatoka na alama za kitambaa cha suruali. Fuata kipimo cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida ni asilimia chache tu. Na thina isiyo na lebo, ya kupimwa kwa chupa ya soda, ndiyo chanzo cha weupe mwingi, kwa kuwa hakuna anayejua inaruka kwa kasi gani wala kama ina maji ndani.

"Kompresa ikitoa maji, imeharibika."
Si kweli.

Kompresa mpya, iliyotoka dukani leo, itatoa maji Malindi kesho. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina takriban gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kompresa ndogo ya karakana inayovuta mita 10 za ujazo kwa saa huingiza gramu 240 hivi. Hewa hiyo ikibanwa hadi presha mara nane ya ile ya nje, kisha ikapoa ndani ya tangi, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 40. Gramu 200 zilizobaki hugeuka maji. Hiyo ni glasi nzima kwa kila saa ya kazi.

Asiyeamini afungue koki iliyo chini ya tangi jioni. Kwanza hutoka maji ya rangi ya kutu, yenye utelezi wa mafuta ya mashine. Hufuata povu, na mwisho hewa tupu inayopiga mluzi. Usipoyatoa, maji hayo husafiri ndani ya mpira hadi kwenye bunduki ya kupulizia, na kila tone huacha kijishimo au doa jeupe kwenye laka.

Basi mwaga maji ya tangi asubuhi na adhuhuri, si mara moja kwa wiki. Kinasa maji nacho kina mahali pake. Wengi hukifunga palepale kwenye kompresa, ambako hewa bado ni ya moto na maji yake bado ni mvuke. Kinasa hakinasi mvuke. Kisogeze mita saba au nane mbele, hewa iwe imepoa, na utashangaa kitakavyojaa.

"Ganda la chungwa huponywa kwa kuongeza thina."
Nusu kweli.

Uso wenye vijibonde kama ganda la chungwa unatokana na matone yaliyofika kwenye mbao yakashindwa kuungana kabla ya kukauka. Sababu zake ni nne: laka ni nzito, presha ni ndogo, bunduki iko mbali, au thina inaruka haraka mno. Kuongeza thina ileile kunatibu ya kwanza tu. Anayeongeza bila kujua ugonjwa huambulia michirizi kwenye milango iliyosimama, na laka nyembamba isiyokinga chochote. Adhuhuri ya kaskazi hapa Kilifi, mkosaji mara nyingi ni ile ya nne: tone limekauka nusu likiwa bado hewani. Hapo ni thina ya polepole inayohitajika, wala si thina nyingi.

Uzito wa laka unapimika. Kikombe cha Ford namba 4 kikimwagika kwa sekunde 18 hadi 25, laka nyingi za NC zitapulizika vizuri. Usipokuwa nacho, fuata kipimo cha kopo na ujaribu kwenye kipande cha mbao kilichosimamishwa wima, kwa kuwa kipande kilicholala kinaficha michirizi. Umbali ni sentimita 15 hadi 20, karibu shubiri moja. Mkono uende sambamba na ubao, usikate tao. Kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Anza kuusogeza mkono kabla ya kubonyeza, na uachie ukishapita ukingo. Weka taa chini, pembeni mwa kazi, na utazame mng'ao wa laka mbichi badala ya kuitazama bunduki. Mng'ao ukiwa umeungana nyuma ya mkono wako, mwendo ni sawa. Ukionekana kama vumbi, uko mbali au unakimbia.

"Presha kubwa na bunduki ya bei ndiyo siri."
Si kweli.

Presha ikizidi, laka hupasuka kuwa vumbi laini mno, nusu yake hugonga ubao na kurudi hewani, na sehemu ya vumbi hilo hutua tena ikiwa kavu. Ndiyo ile meza inayong'aa kwa mbali lakini ukiigusa ina chengachenga. Bunduki za HVLP, zinazotumia hewa nyingi kwa presha ndogo, zimeundwa zitoe psi 10 tu mdomoni. Kiwango cha kuingia mara nyingi huchorwa kwenye mpini wenyewe. Kisome, na uangalie geji huku umebonyeza, maana hewa isipotembea geji husema uongo.

Kuhusu bei, wahenga walishasema: mchagua jembe si mkulima. Bunduki ya kawaida yenye nozeli safi, isiyo na laka kavu kwenye matundu ya hewa, itaishinda bunduki ya kifahari iliyooshwa mwezi uliopita. Toboa matundu hayo kwa kijiti cha mbao au brashi laini. Msumari huyatanua, na yakishatanuka mpulizo huenda upande.

"Jaza kwa sila, malizia kwa laka kidogo."
Si kweli.

Hapa ndipo pesa nyingi za mteja hupotea bila yeye kujua. Sandingi sila, ile inayopakwa kwenye mbao kabla ya laka, ni rahisi kuliko laka, hukauka upesi, na chini ya msasa hutoa unga mweupe bila kung'ang'ania karatasi. Kwa hiyo baadhi ya mafundi hupiga sila mikono minne au mitano, mpaka vinyweleo vyote vya mbao vimezibwa, kisha laka mkono mmoja wa kupatia mng'aro. Siku ya kukabidhi, kazi ni kioo.

Sababu ya sila kusagika kwa urahisi ni kwamba ndani yake mna stearati ya zinki, aina ya sabuni isiyoyeyuka kwa maji. Hiyo ndiyo inayoifanya iwe laini. Ukiweka tabaka nene la kitu laini chini ya ngozi nyembamba ya kitu kigumu, ngozi itapasuka. Kibao kikigongwa kinaacha alama nyeupe, na glasi ya maji ya baridi inaacha pete. Mkono mmoja au miwili ya sila unatosha. Piga msasa namba 320 mpaka sehemu kubwa ya sila iondoke, kisha weka laka mikono miwili hadi mitatu. Mbao yenye vinyweleo vikubwa kama mvule hujazwa kwa filla, maana hiyo si kazi ya sila. Wala usidhani unene ni uimara. Laka ya NC ikikauka na kuzidi sehemu moja ya kumi ya milimita, iko njiani kupasuka, hasa kwenye vyumba vya hoteli ambako kiyoyozi huwashwa usiku na dirisha hufunguliwa asubuhi.

"Kila mkono upigwe msasa, la sivyo hautashika."
Si kweli kwa NC, kweli kwa 2K.

Mkono wa pili wa NC huyeyusha uso wa ule wa kwanza, na yote miwili huwa kitu kimoja. Msasa katikati yake ni wa kuondoa chembe za vumbi tu. Pitisha namba 400 kwa wepesi, futa, endelea. Laka ya 2K na vanishi ya mafuta haziyeyuki tena zikishakauka, kwa hiyo bila mikwaruzo ya msasa mkono mpya hubanduka. Kwa mbao tupu, namba 180 hadi 220 inatosha. Anayefika 600 kabla ya kutia rangi ya mbao atashangaa rangi haiingii.

"Mbao ya jahazi kuukuu haishiki laka."
Kweli, usipoiandaa.

Meza na vitanda vya mbao za majahazi ya zamani vinapendwa sana na wenye nyumba za ufukweni, na ndivyo vinavyowatesa zaidi wapulizaji. Mbao hiyo imeishi miaka mingi ndani ya maji ya chumvi, na juu yake imepakwa sifa, yale mafuta ya papa. Chumvi ya kawaida hunyonya maji ya hewani na kuloa unyevu ukipita asilimia 75, jambo ambalo kila mwenye kikopo cha chumvi jikoni hapa pwani analijua. Ikiwa chini ya laka, hufanya kazi hiyohiyo na kuisukuma laka juu. Mafuta nayo huikimbiza laka, ikabaki vishimo vya mviringo ambavyo mafundi huviita macho ya samaki.

Osha mbao kwa maji baridi yasiyo na chumvi, zaidi ya mara moja, uikaushe kivulini kwa wiki kadhaa, uirande kidogo, kisha uifute kwa thina kwa kitambaa safi, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka. Mkono wa kwanza uwe shelaki, ambayo hufungia mafuta ndani. Msaji pia una mafuta yake, na kuufuta kwa thina muda mfupi kabla ya kupuliza husaidia. Kinyago cha mwarobaini kilichong'arishwa kwa kiwi ya viatu kina nta, na nta lazima itoke. Na kiti cha zamani kilicholetwa kupuliziwa upya huenda kilifutwa kwa miaka kwa dawa ya kung'arisha yenye silikoni. Hiyo ndiyo mama wa macho ya samaki, na msasa peke yake hauitoi, huisambaza tu.

"Thina ikiisha, petroli inafaa."
Si kweli, na ni hatari.

Petroli haiyeyushi nitroselulosi. Ukiitia kwenye laka, kwanza utadhani imekubali, kisha laka hukatika kama maziwa yaliyoganda, na unga wake huziba nozeli. Mafuta ya taa ni hivyohivyo. Tena karakana nyingi zimeezekwa makuti, na jirani kuna mchomeleaji wa madirisha. Mvuke wa thina na wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hadi ulikokaa moto. Asetoni iliyomo katika thina nyingi huweza kushika moto hata ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, sembuse joto la Malindi.

"Mwaga maji sakafuni kutuliza vumbi."
Kweli, kwa kiasi.

Yadi zetu ni mchanga mtupu, na maji hulituliza vumbi. Nyunyiza nusu saa kabla ya kuanza, na kiasi cha kulowesha tu. Ukifurikisha sakafu siku ambayo hewa tayari imelowa, umelifukuza vumbi na kuukaribisha weupe. Chini ya makuti tandika turubai juu ya kazi, kwa sababu kila upepo wa kusi ukivuma, makuti huangusha takataka ambazo maji ya sakafuni hayawezi kuzizuia.

"Ikishakauka mkononi, pakia kwenye gari."
Si kweli.

NC hukauka kwa mguso ndani ya dakika 10 au 15, na hapo ndipo wateja huanza kupiga simu. Thina iliyo chini bado inatoka, na itaendelea kutoka kwa siku kadhaa. Kitanda kikifungwa kwa nailoni siku hiyohiyo kitafika Mtwapa kikiwa na ramani ya nailoni juu yake. Ngoja siku mbili tatu kabla ya kusafirisha, na zaidi ya wiki kabla ya kuweka kikombe cha chai ya moto. Hata baada ya mwaka, iepushe na asetoni. Rangi ya kucha imetengenezwa kwa nitroselulosi ileile, kwa hiyo dawa ya kuondoa rangi ya kucha huondoa na laka ya meza.

"Laka ni laka, hata mlango unaotazama bahari upige."
Si kweli.

NC ni ya ndani. Jua huigeuza njano na kuikausha mpaka ikapasuka, na mbao iliyo nje hutanuka na kunywea kila msimu ilhali laka haijui kunyumbuka. Mlango wa nje unataka vanishi ya mafuta, 2K iliyokusudiwa kuhimili jua, au mafuta matupu yanayorudiwa kila mwaka.

Jambo hili pwani ina historia nalo. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu mgumu unaochimbwa ardhini chini ya misandarusi, ilisafirishwa kutoka mwambao huu kupitia Unguja hadi Salem, Massachusetts, na kwingineko ng'ambo. Huko ilichemshwa na mafuta ya linsidi ikawa vanishi ya samani na magari ya farasi, magari yaliyoshinda kwenye jua na mvua. Laka ya NC ilikuja baadaye, miaka ya 1920, kampuni ya DuPont ilipoitoa kwa jina la Duco na General Motors wakaipenda kwa sababu moja kubwa: ilikauka upesi. Waliotaka ustahimilivu walitumia sandarusi, waliotaka haraka walitumia NC. Msandarusi na mbambakofi bado imo pamoja katika msitu wa Arabuko-Sokoke, nyuma ya Watamu.

"Kunywa maziwa baada ya kupuliza, kifua husafika."
Si kweli, na hili ndilo linaloumiza watu.

Utamwona fundi jioni, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi la laka, ameshika pakiti ya maziwa kana kwamba ni dawa. Mvuke wa thina huingia mapafuni na kutoka hapo hupita moja kwa moja kwenye damu. Maziwa huingia tumboni. Hayakutani. Toluini, ambayo imo katika thina nyingi, huleta kizunguzungu na maumivu ya kichwa, na kwa anayeivuta kwa miaka hudhuru ubongo. Hadina ya 2K ina aisosayaneti, zinazoweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Kitambaa cha puani, leso na barakoa ya karatasi huzuia vumbi lakini havizuii mvuke.

Bunduki ya rangi yenyewe ina asili ya hospitali. Mwaka 1888 daktari Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, alitengeneza kifaa cha kupulizia dawa kooni, na mwanawe Thomas ndiye aliyekiendeleza hadi bunduki ya rangi. Ni chombo kilichobuniwa kugeuza majimaji kuwa ukungu unaofika ndani ya mwili kwa urahisi. Kinachofaa ni barakoa ya mpira yenye vichujio vya kaboni, vinavyobadilishwa kabla hujaanza kusikia harufu ya thina ndani yake, pamoja na hewa inayopita karakana. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake vifaa hivyo. Pakiti ya maziwa haimo katika sheria hiyo.

Hukumu

Ukiyapanga makosa haya utaona kwamba machache mno yanatoka kwenye bunduki. Mengi yako hewani: hewa iliyojaa unyevu karakanani, hewa yenye maji na mafuta inayotoka kwenye kompresa, na hewa anayoivuta fundi. Yaliyobaki ni ya haraka na ya kubana matumizi mahali pasipofaa.

Kwa hiyo fundi, ukiwa na shilingi za kutumia mwezi huu, usinunue bunduki mpya. Nunua kwanza barakoa ya vichujio, kisha kinasa maji, kisha kipima unyevu cha kutundika ukutani. Nawe mteja, ukiagiza kitanda wakati wa masika, mpe fundi wako wiki moja zaidi, na umuulize amepiga sila mikono mingapi. Asipotaka kujibu, tafuta fundi mwingine.